Mashine Inayohesabu Siku za Kwaresima

Luena ni mji uliojulikana kwa makaa ya mawe. Uko katika jimbo la Haut-Lomami, kando ya njia ya gari la moshi. Mwaka 1928 njia hiyo ilifika hata Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo. Kwa miaka mingi mabehewa yalijazwa makaa hapo Luena, yakafungwa moja nyuma ya jingine, yakaondoka.

Mtu anayehesabu mabehewa yenye makaa ana kazi moja tu, naye huirudia mara nyingi. Anafika kwenye behewa la kwanza. Lina makaa? Ndiyo, analiandika. Anafika kwenye la pili, analiandika. La tatu na la nne vilevile. Lakini behewa la tano ni tupu. Basi, afanye nini? Haliandiki. Lakini harudi kwenye behewa la kwanza kuanza upya, wala haiachi kazi na kwenda nyumbani. Anapita tu, anakwenda kulitazama la sita.

Jambo hilo ni jepesi, hata mtoto mdogo hulifanya bila kufundishwa. Lakini kompyuta haiwezi kukisia. Kompyuta hufanya yale tu iliyoambiwa, na ikiambiwa vibaya hufanya vibaya, tena kwa haraka sana. Kwa hiyo anayeiamuru lazima ajue maneno ya kuiambia: “Hii iache, uende kwenye inayofuata.”

Kazi inayorudiwa namna hiyo, wataalamu wa kompyuta huiita kitanzi, kwa sababu huzunguka na kurudi pale ilipoanzia, kama kamba iliyopindwa. Kila mzunguko mmoja unaweza kuitwa zamu. Katika mfano wa mabehewa, kila behewa ni zamu moja. Behewa tupu ni zamu inayorukwa.

Upo mfano mwingine ambao kila mtoto Mkristo anao nyumbani, nao ni Kwaresima. Watu husema Kwaresima ni siku arobaini, kwa kuwa Bwana wetu Yesu Kristo alifunga siku arobaini jangwani. Lakini mwenye kalenda na ahesabu mwenyewe. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na Jumamosi Kuu, siku iliyotangulia Pasaka, ilikuwa tarehe 19 Aprili. Toka tarehe 5 Machi mpaka mwisho wa mwezi ni siku 27. Aprili iliongeza siku 19. Jumla ni siku 46, wala si 40. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 14 Februari, na Jumamosi Kuu ilikuwa tarehe 30 Machi. Hapo pia ni siku 46. Je, Kanisa halijui kuhesabu?

Linajua sana. Jumapili ni sikukuu ya Ufufuko wa Bwana, na siku ya sikukuu Wakristo wa kale hawakufunga. Kwa hiyo katika hesabu ya siku za kufunga Jumapili zote sita ziliachwa. Ukitoa 6 katika 46, zinabaki 40 kamili. (Kwa kanuni za kalenda zilizotolewa mwaka 1969, majira ya Kwaresima humalizika Alhamisi Kuu, kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana. Hesabu inayoelezwa hapa ni ile ya kale, ya siku za kufunga.)

Hapa pana jambo la kushika. Jumapili haihesabiwi, lakini Jumapili inapita. Jua linachomoza na kuchwa, na kesho yake ni Jumatatu. Kilichoachwa ni kuhesabu tu. Siku yenyewe haikuondolewa katika kalenda.

Sasa jinsi ya kuiambia kompyuta. Ziko lugha nyingi za kuamuru kompyuta. Mojawapo iliyo nyepesi kwa wanaoanza ni BASIC. Ilitungwa na walimu wawili wa hesabu, John Kemeny na Thomas Kurtz, katika chuo cha Dartmouth, huko Marekani. Kemeny alikuwa mzaliwa wa Budapest, katika nchi ya Hungaria. Wakati ule kompyuta ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba, na walioitumia walikuwa mabingwa wachache. Walimu hao wawili walitaka kila mwanafunzi aweze kuitumia, hata yule anayesoma historia au lugha. Programu ya kwanza ya BASIC ilifanya kazi alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964.

Programu ni orodha ya amri. Katika BASIC ya zamani kila amri ina mstari wake, na kila mstari una namba yake mbele. Desturi ilikuwa kuandika 10, 20, 30, ili mtu akisahau amri apate nafasi ya kuiweka katikati, kwa mfano 25. Hii ndiyo programu ya kuhesabu siku za kufunga:

10 LET K = 0
20 FOR S = 1 TO 46
30 LET J = (S + 2) / 7
40 IF J = INT(J) THEN 60
50 LET K = K + 1
60 NEXT S
70 PRINT K
80 END

Maneno ya BASIC yametoka katika Kiingereza, lakini ni machache, na maana zake hushikwa upesi. Herufi K, S na J ni kama visanduku vitatu. Katika kila kisanduku mna namba moja. K ni hesabu ya siku za kufunga. S ni siku iliyofikiwa. J ni ya kutafutia Jumapili.

Mstari wa 10 unaweka sifuri katika K, maana bado hakuna siku iliyohesabiwa. Mstari wa 20 unafungua kitanzi: S ianze na 1, iende mpaka 46. Mstari wa 60 ndio mlango wa kurudia. NEXT maana yake ni “inayofuata”. Mashine ikifika hapo huongeza 1 katika S, kisha hutazama kama 46 imepitwa. Kama bado, hurudi kwenye mstari unaofuata ule wa FOR, yaani wa 30. Kama imepitwa, huendelea mbele, mstari wa 70, ambapo PRINT huandika jibu.

Lakini mashine itajuaje kwamba leo ni Jumapili? Haina kengele ya kanisa ya kuisikiliza. Inajua namba tu. Basi Jumatano ya Majivu ni siku ya 1, Alhamisi ya 2, Ijumaa ya 3, Jumamosi ya 4, na Jumapili ya kwanza ni siku ya 5. Zinazofuata ni siku ya 12, 19, 26, 33 na 40. Kila moja ya namba hizo ukiiongeza 2 hugawanyika kwa 7 bila kubakiza kitu: 5 na 2 ni 7, 12 na 2 ni 14, hivyo hivyo mpaka 42. Siku nyingine zote hubakiza. INT ni amri ya kukata mabaki na kuacha namba nzima peke yake. Kwa hiyo mstari wa 40 unauliza: je, J ni sawa na namba yake nzima? Ikiwa ndiyo, hakuna mabaki, nayo ni Jumapili. Hapo mashine huambiwa: nenda mstari wa 60.

Tazama sasa ilivyorukwa. Toka mstari wa 40 mashine inakwenda mstari wa 60, na mstari wa 50, ule wa kuhesabu, haukufanywa. Siku inageuka kuwa ya 6, Jumatatu, na kazi inaendelea. Mwisho mashine inaandika 40.

Namba moja tu, ile 60 iliyo mwisho wa mstari wa 40, inashika mambo yote. Wanaojifunza hukosea hapo mara nyingi, na makosa yenyewe yanafaa kuangaliwa, kwa kuwa kila moja lina matokeo yake.

Mmoja ataandika THEN 70. Anafikiri, “Jumapili hakuna kazi, basi mashine itoke.” Mashine itatoka kweli. Itahesabu Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na ikikuta Jumapili ya kwanza itatoka katika kitanzi na kuandika 4. Kwaresima ya siku nne! Huyo ni sawa na mhesabu mabehewa aliyeona behewa moja tupu akaenda nyumbani, na makaa yaliyokuwa nyuma hayakuandikwa.

Mwingine ataandika THEN 20. Anafikiri, “Kitanzi huanzia mstari wa 20, basi irudi huko.” Lakini mstari wa 20 unasema S ianze na 1. Kila mara mashine ikifika Jumapili ya kwanza itarudishwa Jumatano ya Majivu. K itakuwa 4, kisha 8, kisha 12, na kuendelea. Pasaka haitafika kamwe, wala jibu halitaandikwa, mpaka mtu aisimamishe mashine kwa mkono.

Wa tatu ataandika THEN 30. Huyu naye mashine yake haitakoma, ila kwa njia nyingine: S itabaki 5 siku zote. Mashine itauliza, “Je, ni Jumapili?” Ndiyo. Itauliza tena. Ndiyo. Haikupita kwenye NEXT, kwa hiyo Jumatatu haitakuja.

Na anayeandika THEN 50 hakuruka kitu. Mashine itauliza swali lake, kisha itahesabu siku zote sawasawa, Jumapili na nyinginezo, na kuandika 46. Kosa hili ni baya kuliko mengine, maana mashine haikwami wala hailalamiki. Inatoa jibu linalofanana na kweli, na asiyejua hesabu atalipokea.

Programu hii inaweza kueleza pia jambo la historia. Zamani sana Kwaresima ilianza Jumapili ya kwanza, si Jumatano. Mtu akibadili mstari wa 20 uwe FOR S = 5 TO 46, mashine huandika 36. Hizo ndizo siku za kufunga zilizokuwako katika majuma yale sita. Ndipo baadaye zikaongezwa siku nne mbele, toka Jumatano ya Majivu, ili zitimie arobaini.

Miaka ilivyopita BASIC iligeuka, ikawa ya namna nyingi. Katika QBasic, iliyotoka mwaka 1991, namba za mistari hazikuwa lazima tena. Humo mna amri EXIT FOR, lakini hiyo ni ya kutoka katika kitanzi kabisa; anayeitumia kwa Jumapili atapata tena Kwaresima ya siku nne. Amri ya kuruka zamu moja tu haikuwamo. Baadaye Visual Basic ya mwaka 2005 ilipata Continue For, na maana yake ni ileile ya kwenda kwenye NEXT, bila kutafuta namba ya mstari.

Iko njia nyingine isiyo na kuruka: kugeuza swali. Badala ya kusema, “Kama ni Jumapili, ruka,” husemwa, “Kama si Jumapili, hesabu.” Kazi ikiwa fupi, kama hii ya kuongeza 1, njia hiyo ni safi zaidi. Lakini kazi ikiwa na mistari ishirini, ni afadhali kuuliza mapema na kupita, kama vile mhesabu mabehewa anavyochungulia kwanza kabla ya kutoa kalamu.

Limebaki jambo moja la hatari. Katika kitanzi cha FOR, NEXT yenyewe ndiyo inayoongeza siku. Lakini kiko kitanzi kingine kinachoitwa WHILE, na mwisho wake huandikwa WEND. Hicho huendelea maadamu jambo fulani ni kweli, wala hakiongezi kitu. Mwandishi wa programu lazima aongeze mwenyewe:

10 LET K = 0
20 LET S = 1
30 WHILE S <= 46
40 IF (S + 2) / 7 = INT((S + 2) / 7) THEN 70
50 LET K = K + 1
60 LET S = S + 1
70 WEND
80 PRINT K

Mtu akiitazama upesi ataona ni sawa: Jumapili ikifika, mashine inaruka mpaka mwisho wa kitanzi. Lakini katika kuruka imepita juu ya mistari miwili, si mmoja. Mstari wa 50 ulipaswa kurukwa. Mstari wa 60 ndio uliokuwa ukiigeuza siku, nao umerukwa pamoja. S inabaki 5, na mashine inakaa katika Jumapili ya kwanza bila mwisho. Mstari wa 40 ukisema THEN 60 badala ya THEN 70, Jumapili haihesabiwi, siku inaongezwa, na mashine inaandika 40.