Umeme umeongezeka nchini, mbona LUKU ya friza lako haishuki?

Wauza senene, samaki na juisi wa Bukoba na Muleba, hii inawahusu. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, mbona bei ya uniti ipo palepale?

Umeme haukai ghalani kama kahawa. Unaozalishwa saa hii lazima utumike saa hii. Kinachoweza kusubiri ni maji bwawani na gesi ya kuwashia mitambo. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa na mgao. Machi 2024 mvua imejaa, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere umeshawashwa, mpaka vituo vingine vya maji vikazimwa kwa sababu umeme umezidi. Bei ya LUKU haikutikisika, maana inapangwa na EWURA, nchi nzima sawa.

Ujerumani, mchana wa jua kali, bei kwenye soko la jumla inaweza kushuka chini ya sifuri, jioni inapanda. Kwetu wateja wadogo tunalipa bei moja saa zote, kwa hiyo kugandisha usiku hakukuokolei hata shilingi.

Halafu umeme mwingi lazima uwe na njia ya kukufikia. Bukoba na Muleba kwa miaka mingi wametumia umeme unaonunuliwa Uganda. Hata Rusumo, pale Ngara, megawati 80 zake tunagawana na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo mtandao ukiyumba, wewe huoni kwenye bei. Unaona kwenye giza, na mzigo unaoyeyuka.

Sasa fanya hivi:

1. Jua kundi lako. Kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa nyumbani (D1) analipa sh 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, zinazozidi ni sh 350 kila moja. Mteja wa kawaida (T1) ni sh 292.

2. Piga hesabu ya friza peke yake. Tuseme nyumba inakula uniti 40 kwa mwezi na friza uniti 60, jumla 100. D1 bila friza ni sh 4,000, ukiwa nalo ni sh 16,250. Friza limekula sh 12,250. Ukiuza pakiti 100, kila pakiti imebeba kama sh 123. Kwa T1 ni sh 175. Hiyo iingie kwenye bei kabla hujaipost.

3. Jaza friza. Likijaa na usipolifungua, hukaa na baridi kama saa 48. Likiwa nusu, kama saa 24. Pengo lijaze chupa za maji.

4. Weka sarafu juu ya kikombe cha barafu ndani ya friza. Ukirudi safari ukaikuta imezama, mzigo uliyeyuka ukaganda tena. Usimtumie mteja.

5. Msimu wa senene, chukua oda na malipo kwanza, ndipo ununue. Mzigo usiolala sana frizani hauogopi giza.

Faida ya pakiti moja ikiwa sh 500 na hukuhesabu umeme, kwa T1 theluthi nzima na zaidi imeshaondoka. Chukua kalamu leo, na mtumie mwenzako mwenye friza.