Mshale, bunduki na nyaya: Kwa nini Meru na Embu hazina msimu wa kuwinda

Kila mwaka majani yanapoanza kubadilika rangi nchini Marekani, mamilioni ya watu hufungua makabati yao ya silaha, hupaka bunduki mafuta, hununua risasi na kwenda viwanjani kupima shabaha. Huo ni msimu wa kuwinda ayala, mnyama ambaye Wakenya wengi wanamjua kwa jina tu kutokana na Zaburi. Mwindaji mwenye leseni huambiwa siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na idadi ya wanyama anaoruhusiwa kuua.

Katika kaunti za Meru na Embu hakuna kalenda ya namna hiyo. Anayetayarisha zana za kuwinda hapa, ziwe risasi, mishale au vitanzi vya nyaya, anatayarisha kosa la jinai, hata kama mnyama anayemtaka ni digidigi asiyezidi uzito wa kuku wachache.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Kwa zaidi ya nusu karne uwindaji ulikuwa halali kwa baadhi ya watu na haramu kwa wengine katika ardhi ile ile, na mara nyingi kilichowatenganisha ni zana walizobeba mikononi.

Ieleweke kwanza kwamba ayala hapatikani kiasili kusini mwa Sahara. Pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka, ilhali za pongo, swala na nyati hazianguki. Wanyama waliowindwa katika nchi hii ya mashariki mwa Mlima Kenya ni pongo na nyati wa msituni, na huko chini kwenye joto la Mbeere na Tharaka, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Meru, ni swala, digidigi na kanga. Ndovu na faru waliwindwa pia, lakini hao walihitaji maandalizi ya aina nyingine.

Maandalizi hayo yalianzia kwenye mti. Mti wenyewe ni msunguti, wenye majani magumu ya kijani kibichi na matunda ya rangi ya zambarau, ambao humea katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki. Vipande vyake vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakageuka kuwa uji mzito mweusi unaofanana na lami. Kazi hiyo ilifanywa mbali na nyumba, na haikuwa kazi ya kila mtu.

Sumu iliyopatikana ilipakwa kwenye chembe cha mshale na sehemu ya uti inayofuata, kisha ikafungwa kwa ukanda wa ngozi laini. Ukanda huo ulikuwa na kazi mbili: kuzuia sumu isikauke na kupoteza nguvu, na kumlinda mwenye podo asijichome mwenyewe akikimbia vichakani. Ulifunguliwa pale tu mnyama alipoonekana.

Wakamba, ambao ni majirani wa Wambeere na Watharaka, na Waliangulu wa upande wa Tsavo, walikuwa na njia ya kupima kama sumu ingali kali. Mtu alijichanja kidogo, akaacha damu iteremke kwenye mkono, kisha akagusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi. Damu iligeuka nyeusi kuelekea juu, na kasi yake ndiyo iliyoonyesha nguvu ya sumu. Ilibidi mtu aifute kabla haijafika kwenye jeraha.

Wanasayansi wamekwisha kuueleza uwezo wa sumu hiyo. Kiini chake huitwa wabaini, neno lililotokana na jina la Kisomali la sumu ya mishale, na mkemia Mfaransa, Léon-Albert Arnaud, alikitenga mwaka 1888. Huvuruga pampu ya chumvi katika seli za moyo, na moyo ukasimama. Kwa kiasi kidogo sana kiliwahi kutumiwa hospitalini Ulaya kama dawa ya wagonjwa wa moyo. Kikipita tumboni huingia mwilini kwa shida, na ndiyo sababu wawindaji waliweza kukata nyama iliyozunguka jeraha, wakaitupa na kula iliyobaki.

Silaha hii haikuwa duni. Ilimwangusha ndovu bila mlio, haikuhitaji duka, na aliyeitengeneza hakuhitaji idhini ya mtu yeyote nje ya jamii yake.

Bunduki ilikuja na utaratibu wake. Tangu mwanzo wa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliendesha uwindaji kwa leseni, na Idara ya Wanyamapori ikawa na maafisa wa kuusimamia. Mzungu mkazi au mgeni aliyelipa ada alipewa orodha ya wanyama aliowaruhusiwa, na baadaye akapangiwa kitalu cha kuwindia kwa muda maalumu.

Naye alikuwa na maandalizi yake. Mwenye kutafuta swala alibeba bunduki nyepesi na risasi laini, ambazo ncha yake ya risasi nyeusi hutanuka ndani ya mwili na kumwangusha mnyama haraka. Kwa nyati, faru na ndovu alihitaji risasi ngumu iliyovikwa chuma pande zote, isiyopinda inapokutana na mfupa, na bunduki kubwa kama ile ya kipimo cha .375 iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912. Kwa kanga na kwale alichukua bunduki ya marisau. Aliyechanganya risasi laini na ngumu mbele ya nyati aliyejeruhiwa huenda hakupata nafasi ya kujifunza.

Kabla ya safari kuanza, bunduki ilipigwa kwenye shabaha ya karatasi, kwa sababu mtikisiko wa gari au treni ungeweza kuihamisha darubini yake. Wabeba bunduki, wapagazi na wafuatiliaji wa nyayo walikuwa Waafrika. Wengi waliokuwa hodari kusoma nyayo walijifunza kazi hiyo kwa upinde, yaani kwa uwindaji ambao sheria iliuita ujangili.

Hapo ndipo zana zilipogeuka kuwa hukumu. Mkataba uliotiwa saini London mwaka 1933 na serikali zilizotawala Afrika ulizitaka zikomeshe matumizi ya sumu, nyavu, mashimo, mitego, moto na taa za kuwatia wanyama kiwi. Baadhi ya makatazo hayo yalikuwa na sababu nzuri: kitanzi na shimo haviangalii umri wala jinsia ya mnyama. Lakini orodha hiyo ilikusanya takriban kila njia ambayo mwanakijiji wa Tharaka au Mbeere angeweza kuimudu, na ikaiacha bunduki. Mwanahistoria Edward Steinhart, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu uwindaji Kenya, aliweka mgawanyiko huo kwenye jina lenyewe la kitabu: majangili weusi na wawindaji weupe.

Bunduki nayo haikuwa kitu cha Mwafrika kumiliki kwa urahisi, na wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa hatari hata kukutwa na risasi moja. Kumiliki silaha au risasi bila idhini kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 18, 1957, alihukumiwa kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi zake.

Wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya, wakiwemo wale wa upande wa Meru walioongozwa na Musa Mwariama, walitegemea kwa sehemu bunduki za kujitengenezea. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako cha mti, na komeo la mlango lililovutwa kwa mpira wa gurudumu ndilo lililogonga risasi. Baadhi zilimlipukia aliyezishika. Msitu huo huo uliwapa nyama.

Baada ya uhuru leseni ziliendelea, safari sasa kwa Mwafrika pia kama angeweza kulipa. Mbuga ya Taifa ya Meru, yenye ukubwa wa kilomita mraba 870, ilitengwa mwaka 1966 katika nchi ambayo George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo, alikuwa amemwachilia simba Elsa. Katika mbuga uwindaji ulikatazwa kabisa. Nje ya mipaka yake vitalu vilikodishwa.

Miaka ya sabini ilivunja mpango huo. Bei ya meno ya ndovu ilipanda, na biashara ikawavuta watu wenye nguvu serikalini. Leseni halali zikawa kifuniko cha meno yasiyo halali. Mei 1977 serikali ya Rais Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji kote nchini, na mwaka 1978 ikafuta biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyamapori. Wawindaji wa kulipwa walifunga biashara zao, na baadhi wakahamia Tanzania, ambayo ilikuwa imezuia uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978. Huko uwindaji wa kitalii unaendelea hadi leo.

Kwa Meru marufuku pekee haikutosha. Magenge yenye bunduki za kivita yaliingia mbugani katika miaka ya themanini na kuwamaliza karibu faru wote na ndovu wengi. Mwaka 1988 yaliwaua faru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari mchana na usiku. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipoanza kazi mwaka 1990 lilikuta mbuga ambayo watalii walikuwa wameikimbia. Ukarabati mkubwa ulifuata mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa karne mpya, na faru wakarudishwa ndani ya hifadhi yenye uzio.

Leo zana inayowasumbua zaidi askari wa wanyamapori katika eneo hili si bunduki wala upinde, bali waya. Hupatikana kwenye ua wa shamba au kwenye magurudumu ya gari yaliyochomwa, na mtu mmoja anaweza kutega vitanzi vingi kwa siku moja na kwenda zake. Kitanzi hakina shabaha. Kikitegewa swala humnasa twiga shingoni au ndovu mguuni, na mnyama huyo huenda nacho kikimkata mpaka afe. Taasisi ya Sheldrick, ikishirikiana na KWS, ina vikosi vya kutegua nyaya na daktari wa kutibu waliojeruhiwa katika eneo la Meru. Usiku watu wengine hutumia mbwa na tochi kali; digidigi akimulikwa machoni husimama, ndiyo maana taa hizo zilikatazwa tangu 1933.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inazuia uwindaji wa burudani na hata wa kujitafutia kitoweo. Ilivyopitishwa, aliyewinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani alikabiliwa na faini isiyopungua Sh30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, na aliyefanya biashara ya nyamapori faini isiyopungua Sh200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Leseni ya bunduki hutolewa chini ya sheria nyingine, ile ya silaha, na haimpi mwenye bunduki ruhusa ya kumpiga swala aliyeingia shambani mwake.

Suala hilo la shamba ndilo linalowachoma wakulima. Kando ya msitu wa Mlima Kenya na karibu na Hifadhi ya Mwea iliyoko Embu, iliyotengwa mwaka 1976 kandokando ya mito Tana na Thiba, mkulima anaweza kupoteza mahindi yake kwa usiku mmoja. Babu yake angetoka na upinde, akarudi na nyama badala ya mahindi. Yeye anatakiwa kuripoti kwa KWS, kujaza fomu na kungoja fidia, na malipo hayo yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Uzio wa umeme ambao shirika la Rhino Ark limekuwa likiujenga kuzunguka msitu wa mlima tangu 2012 umewapunguzia baadhi yao mzigo huo kuliko fomu yoyote.

Wapo wanaodai kuwa uwindaji wa leseni ungerudisha fedha kwa watu hao, kama inavyodaiwa Tanzania. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini mwaka 1977 leseni haikushindwa kwa kukosa wateja. Ilishindwa kwa sababu waliopaswa kuhesabu meno ya ndovu walikuwa miongoni mwa waliouza, na anayetaka kuirudisha anapaswa kueleza nani atahesabu safari hii.

Wakati huo nyama inaendelea kusafiri. Utafiti uliofanywa mwaka 2004 katika mabucha ya Nairobi ulikuta kwamba takriban robo ya sampuli zilizopimwa zilikuwa za wanyamapori, na nyingine zilichanganywa na nyama ya mifugo bila mnunuzi kujua. Nyama hiyo haijapigwa muhuri wa daktari wa mifugo. Na sheria ya 2013 haikuishia kwa aliyetega waya: anayekutwa na nyama hiyo, hata kama aliinunua, anashtakiwa chini ya kifungu kile kile na aliyeiuza.