Tuliliondoa bao, kamari ikakaa mahali pake

Miaka mitatu iliyopita kamati yetu ya msikiti ilibandika tangazo kwenye baraza linalotazamana na mlango mkuu. Lilikuwa tangazo fupi: kuanzia siku ile ni marufuku kucheza bao, dama au mchezo wowote barazani hapo. Sisi tunaoandika makala haya ndio tuliolitunga na kulitia muhuri. Nia yetu ilikuwa njema. Tulidhani tunailinda nyumba ya Allah (s.w.t.) na upuuzi.

Wazee hawakubishana nasi. Mmoja wao, ambaye tulimkuta akicheza hapo tangu sisi tukiwa watoto wa madrasa, alilitia bao lake kwapani, akachukua mfuko wake wa komwe, akaenda zake. Baraza likabaki tupu kwa muda, kisha likajaa tena. Safari hii walikaa vijana, kila mmoja na simu yake, kimya. Tukaufurahia ukimya ule.

Jioni moja mama mmoja akaja ofisini kwetu akilia. Mwanawe mkubwa alikuwa amekabidhiwa ada ya shule ya mdogo wake aende kuilipa, naye akaimaliza yote katika kubeti mpira. Tulipouliza alikuwa akichezea wapi, mama akaelekeza kidole dirishani. Ni pale pale barazani, baina ya Magharibi na Isha, chini ya tangazo letu.

Hapo ndipo tulipofahamu tulilolitenda. Tuliondoa mchezo usio na shilingi ndani yake, na mahali pake pakakaliwa na kamari, ambayo Allah (s.w.t.) ameiharamisha kwa jina lake katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, na kutujulisha kuwa shetani huitumia kupandikiza uadui na kuwazuia watu na swala. Mchezo wa zamani ulikuwa na mzee aliyekaa na kijana. Mchezo mpya hauna mzee.

Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka ya 90. Vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, na katika mtaa wetu ilipita miaka kadhaa kabla seti hazijawa kitu cha kawaida. Baada ya chakula cha usiku mkeka ulitandikwa uani, na umeme ukikatika kibatari kiliwekwa katikati. Baba alicheza dama na watoto kwa vizibo vya soda, 12 kwa kila upande, vya huyu vimelala kifudifudi na vya yule chali. Jirani mwenye ubao wa keram aliutoa nje, ukanyunyizwa poda, watoto wakapanga foleni kugonga kete nyeusi tisa, nyeupe tisa na ile nyekundu moja. Shangazi zetu walicheza karata, wahedi wa sitini, na kabla hatujajua kujumlisha vizuri darasani tulikwisha kujua kuwa pointi zote ni 120 na mwenye kupata 61 ameshinda.

Lakini mfalme wa michezo yote alikuwa bao. Safu nne za mashimo manane manane, kete 64, nusu yako na nusu ya mwenzako. Mchezaji huanza na kete chache ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizosalia huzinamua moja moja. Zikimwishia mkononi, huendelea na mtaji, na anayemalizwa kete zote za safu ya mbele ameshindwa. Mwenye pupa hufungwa mapema. Mtoto aliyekaa mbele ya babu yake kwa mchezo huu alijifunza kunyamaza, kuhesabu kabla ya kunyoosha mkono, na kushindwa bila kununa.

Je, sharia inasemaje? Hatuwezi kuisifu michezo hii kwa sababu tu inatukumbusha utoto wetu. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini huku Bi Aisha akitazama. Basi dini yetu haikuufunga mlango wa mchezo. Hata hivyo, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) amekemea vikali mchezo wa nardi, ambao mwendo wake huamuliwa na dadu. Kuhusu sataranji maimamu walikhitalifiana: wengi walikuwa wakali, na Imam Shafi aliuchukia bila kuuharamisha.

Kutokana na hayo fuqahaa wa Kishafi, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami aliyefariki mwaka 974 Hijria, waliweka kipimo: mchezo unaotegemea hesabu na fikra hauharamishwi, na ule unaotegemea bahati na kubahatisha huharamishwa. Miongoni mwa mifano ya fungu la kwanza wanautaja manqala, mchezo wa kuhamisha vijiwe kutoka shimo hadi shimo kwa hesabu. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kuwa huyo ni ndugu wa bao letu. Tulikisoma kipimo hiki chuoni, tukafanyia mtihani, kisha tukaandika tangazo kana kwamba hatukupata kukisikia.

Kwa kipimo hicho, bao na dama ni michezo ya fikra, na keram ni wepesi wa mkono na shabaha ya jicho. Ludo ilikuwepo hata nyumbani kwetu, lakini inakwenda kwa dadu, kwa hiyo tunashauri iachwe. Karata mgao wake ni bahati, nazo ndizo zana za wacheza kamari. Masheikh waliotusomesha walituhimiza kuziepuka, nasi hatuna sababu ya kuwakhalifu.

Hata mchezo wa fikra una mipaka. Usiwekewe dau, na wale wanaosema mshindwa anunue soda wajue kuwa soda nayo ni dau. Usipitishe wakati wa swala. Usiwe na matusi wala viapo vya uongo. Usimsahaulishe mtu kazi yake na haki za watu wa nyumbani kwake.

Baada ya kuyatafakari hayo tulikwenda nyumbani kwa yule mzee baada ya Alasiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, katibu. Mmeniletea tangazo jingine?"

Tukamwambia tumekuja kumtaka radhi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Adhana ikitoka, mimi kete naziacha zilipo, hata ikiwa imebaki zamu moja nishinde. Mngeuliza, ningewaambia. Nitarudi, ila na hao vijana waje wakae nami. Sitaki kurudi kucheza na wazee wenzangu tu."

Tangazo tumelibandua. Siku hizi bao huwekwa barazani baada ya Alasiri na hufungwa kabla ya adhana ya Magharibi. Simu huwekwa katika kikapu kilicho miguuni pa mzee. Ada ya yule mtoto ililipwa kwa michango ya waumini. Kaka yake hatuwezi kusema amepona kabisa. Wiki nyingine haonekani, na tunajua maana yake. Lakini anapokuja humkuta mtu wa kumuuliza alikuwa wapi, jambo ambalo simu haikupata kumuuliza.

Kwa wazazi tuna ombi dogo. Chagueni jioni moja au mbili katika wiki, mle mapema na mswali Isha, kisha mcheze nusu saa tu na wanenu, maana Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo marefu baada ya Isha. Asiye na bao achimbe mashimo uani. Asiye na komwe atumie kokoto. Wanaoanza na wacheze bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili tangu mwanzo. Na kama baba hajui, amwite babu. Wazee wanaozijua hesabu hizi wanapungua kila mwaka, na hakuna kijana atakayejifunza kwao ikiwa sisi ndio tunaowaondoa barazani.

Wabillahi tawfiq.