Rezo ikikatwa, mesaje itapita wapi?

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto munaobaki nyumbani, tukumbuke kidogo. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu yote. Ilikaa karibu siku 20. Na haikuwa mara ya kwanza: mu Desemba 2011 SMS zilifungwa, na mu Januari 2015 intaneti na SMS vilevile. Hapa Kolwezi mutu alikuwa na telefone mu mukono, lakini ilikuwa sawa jiwe.

Kwetu sisi wa sendika, jambo hili si la siasa peke yake. Shimo likianguka siku kama ile, mama wa Kapata atajua namna gani kama bwana wake ameshuka ao alibaki inje? Njo maana tulianza kuuliza kama kuna njia ingine.

Njia iko. Kuna programu za telefone zinazotuma mesaje bila intaneti, bila inite, bila antena ya kampuni. Zinapita kwa Bluetooth, ile tunatumiaka kupeana miziki. Fikirini gunia la minerai. Mwenye kuwa chini halipandishi peke yake mupaka juu: anamupa wa katikati, na wa katikati anamupa wa mudomo wa shimo. Mesaje njo vile. Telefone yako inaipa telefone ya jirani, na ile inaipa ingine. Bitchat, programu ya Jack Dorsey wa Marekani iliyotoka Julai 2025, inaweza kurusha mesaje mupaka mara saba, bila kuomba namba ya telefone. Lakini kila murusho ni metre makumi machache tu. Kasulo, kwenye nyumba zimebanana, mesaje itatembea. Mu njia ya pori, kwenye hakuna mutu, itakufa.

Jirani zetu wa Uganda walishaona faida ya kujitayarisha. Intaneti ilikatwa kule mu Januari 2021, na tena mu Januari 2026, siku mbili mbele ya uchaguzi. Mara hii ya pili, Bobi Wine alikuwa ameshawaambia watu wake waweke Bitchat mapema. Rezo ikishakatwa, utaitoa wapi? Briar, programu ingine ya telefone za Android, inasaidia hapo: mwenye kuwa nayo anaweza kumupa mwenzake bila intaneti.

Lakini tusidanganyane. La kwanza, Bluetooth haipiti mu jiwe. Mwenye kuwa metre 30 chini ya udongo hatasikia kitu. Programu haichukui nafasi ya kamba, wala ya ndugu anayekaa juu na kuhesabu watu.

La pili, usifikiri hakuna anayeweza kuona. Mu mwaka 2020, wataalamu wa Uingereza walichunguza Bridgefy, programu ya namna hii, wakakuta mesaje zake zinaweza kusomwa na watu wengine. Dorsey mwenyewe, wakati alitoa Bitchat, alionya kwamba usalama wake haujapimwa na watu wa inje. Basi mambo ya siri ya sendika, tuyaseme uso kwa uso.

La tatu ni uvumi. Hatujasahau Kalando, kule Mulondo, tarehe 15 Novemba 2025. Ripoti ya SAEMAPE ilisema masasi ya askari yalitia watu hofu. Wakakimbilia daraja, likaanguka, na watu 32 hivi ao zaidi wakakufa. Kama hofu inaua vile, mesaje ya uongo inayoruka telefone kwa telefone inaweza kuua pia.

Kwa hiyo tunaomba kila timu ifanye hivi. Mbele ya kushuka, mutu mumoja wa juu aandike mu daftari majina ya wote wanaoshuka na saa, na afute jina kila mutu akipanda. Ajali ikitokea, ni yeye peke yake atatuma mesaje: jina lake, mahali, saa, wangapi walishuka, wangapi wamepanda. Wengine wasiongeze neno, wapitishe tu. Na mu njia kutoka karieri mupaka kartye, tuchague watu wa kusimama na telefone zao, kama vile tunasimama kwa kupitisha gunia. Kwenye Bluetooth haifiki, mutoto mwenye baiskeli atapeleka karatasi.

Siku ya mupumziko, mujaribu pamoja na mama wa nyumbani. Mutaona mesaje inafika wapi na inakatikia wapi. Ni vizuri kujua leo, wakati rezo iko na watu wote wako inje ya shimo.