Harusi kwenye telefone, karatasi iko wapi?

Siku hizi, huko Katuba, Likasi ao Kolwezi, si ajabu kuona siku ya kutoa mali na bwana arusi mwenyewe hayuko. Iko Bruxelles ao Paris. Wazee wanakaa uani, mama anashika telefone, kijana anasalimia wakwe kwenye video. Baba mkubwa anatoa bahasha, mbuzi analia nyuma ya nyumba, bamama wanapiga vigelegele. Jioni kila mtu anarudi kwake na kusema: "Basi, wameoana."

Kwa bazazi ni kweli. Kwa sheria, safari ingali mbele. Na sisi familia za wafanyakazi wa migodi tunajua vile ndoa bila karatasi inamalizika: bwana akifia kazini, mjane anaombwa acte de mariage, na picha za karamu hazimsaidii kitu.

Kama mmoja iko huku na mwenzake iko ngambo, kuna njia zipi?

Ya kwanza ni kufanya yote huku. Bwana anapanda ndeke, anakuja. Code de la famille ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka kila mmoja akubali kwa kinywa chake, awe amefikisha miaka 18, na mali itolewe hata kama ni sehemu tu. Ndoa iliyofungwa katika familia inapaswa kupelekwa komini katika mwezi unaofuata ili iandikishwe. Kule mnachagua pia vile mtachunga vitu vyenu. Mkinyamaza, sheria inahesabu kwamba vile mtapata kisha ndoa ni vya wote wawili. Tiketi ni bei kali, lakini hii ndiyo njia yenye maswali kidogo.

Ya pili ni procuration: mtu anasimama komini pahali pa bwana arusi. Sheria yetu inakubali kama kuna sababu nzito, lakini ruhusa inatoka kwa juge de paix. Mjomba hawezi kuitoa, pasta pia hawezi. Na muangalie sana: kama kijana amekwisha kupata uraia wa Ufaransa, sheria ya inchi hiyo inataka yeye mwenyewe awe pale siku ya ndoa, hata ikifungwa huku kwetu. Familia inaweza kumaliza pesa ya mbuzi, ya pombe na ya vitambaa, kisha bibi akatazwe visa.

Ya tatu, bibi arusi anaenda kuolewa kule. Ubelgiji, komini inatangulia na kanisa linafuata. Katiba yao ndiyo inasema vile. Mtaombwa acte de naissance na attestation de célibat zenye kuhakikishwa na serikali. Wanaweza pia kuwauliza, kila mmoja peke yake: mlijuana wapi, lini, nani anajua familia ya mwenzake? Wanatafuta ndoa za uongo. Mjibu kweli, na mchunge ujumbe wenu, picha na tiketi za safari. Komini ya kule haiulizi mali. Bazazi wanaiuliza, na sheria ya Kongo pia, kwa hiyo itolewe huku mbele ya safari.

Wengine hawaendi mbali vile. Mchumba iko Ndola ao Kitwe, ngambo ya Kasumbalesa. Kwa ndoa ya serikali ya Zambia, kwa kawaida tangazo linakaa siku 21, na ndoa inafungwa mbele miezi 3 haijapita tangu siku mlitoa tangazo. Mwenye kupata likizo ya juma moja ahesabu vizuri: tangazo litangulie, likizo ifuate.

Njia yoyote ya ngambo, msiache karatasi ilale katika valizi. Muiombe iandikwe pia katika vitabu vya état civil ya Kongo, kupitia ubalozi ao mkirudi. Copie moja ibaki kwa bazazi, ingine iende katika dosye ya kazi.

Kabla ya kulipa hema na sono, baba na mama waulize watoto swali moja: siku ile, nani ataandika majina yenu katika kitabu, na katika kitabu cha inchi gani? Kama hakuna mwenye kujibu, karamu ingoje kidogo.