Bamvua, Maji Mafu na Fezi: Kueleza Saketi za Masafa ya Juu kwa Kiswahili cha Pwani

Makala haya yanaeleza ubunifu wa kitanzi cha kufunga fezi, saketi iliyomo katika kila simu ya mkononi, na yanatetea dai moja: dhana iliyo kiini cha saketi hiyo inafahamika tayari kwa Waswahili wa pwani, ila istilahi ya "awamu" inaificha. Kwa msomaji wa kawaida, awamu ni kipindi: awamu ya serikali, awamu ya mradi. Fezi ni mahali lilipofikia wimbi katika mzunguko wake, likilinganishwa na jingine. Mafundi umeme husema "fezi", nasi hatuna sababu ya kuwasahihisha.

Tuchukue Quionga, kusini mwa mlango wa mto Ruvuma, eneo ambalo Wareno walilitwaa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 na ambako Kiswahili husemwa pande zote mbili za mto. Mvuvi wa huko anajua bamvua na maji mafu. Wimbi la mwezi hujaza bahari kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. La jua kila baada ya saa 12. Yakifika kileleni pamoja, fezi zao zimelingana, nayo ni bamvua. Baada ya siku saba hivi, moja hujaa lingine likipwa. Hayo ni maji mafu. Dakika hizo 25 huyatenganisha, na hakuna wa kuzirekebisha.

Kitanzi hurekebisha. Kilinganishi hupima kama osileta imewahi au imechelewa, kichujio hulainisha kipimo, na volteji inayotoka huiharakisha osileta au kuipunguza mwendo. Henri de Bellescize wa Ufaransa alilichapisha wazo hili mwaka 1932. Rejeo ni fuwele ya kwatsi, tuseme ya megahezi 40. Kwa hiyo wimbi la gigahezi 2.4 hugawanywa kwa 60 kabla ya kulinganishwa.

Ugumu uko kwenye kelele, yaani mtetereko wa nasibu wala si sauti. Kupunguza kelele ya osileta kwa desibeli 3 hudai takriban umeme maradufu, nao hutoka kwenye betri. Mgawo wa 60 nao hukuza kelele ya rejeo na ya kilinganishi kwa desibeli 35.6. Kitanzi chepesi kusahihisha huituliza osileta lakini huipitisha kelele ya rejeo. Kizito hufanya kinyume.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionyesha njia nyingine: kilinganishi kichukue sampuli za wimbi la osileta moja kwa moja, kwa mdundo wa rejeo. Kitanzi kikishafunga, kigawanyi hakihitajiki; kelele yake na umeme wake huondoka pamoja. Hatari ni kufunga kwenye mara 59 au 61, kwani anayeitazama bahari siku za bamvua tu hajui maji yamejaa mara ngapi katikati. Hivyo kitanzi cha pili hutafuta masafa sahihi kwanza, kisha huzimwa.

SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Msumbiji ni mwanachama. Kamati za istilahi zinafaa kulidai kila neno lieleze kifaa kizima kabla ya kuidhinishwa. "Awamu" ingekwama kwenye kilinganishi. Kwa mwanafunzi wa Quionga anayesoma kwa Kireno, "fezi" pia iko karibu na "fase" ya darasani kwake.