Mtoto Asipofika Skuli: Yampasayo Mzee Kuyajua Msimu wa Karafuu

Msimu wa karafuu ukikaribia, mwanachama huhesabu majamvi yake, hutazama kamba zake kama zimeoza, na huanza kuwaza atapata wachumaji wangapi na kwa mapatano gani. Hayo yote ni sawa. Lakini iko hesabu nyingine ambayo wengi wetu hatuifanyi mpaka barua ya mwalimu itufikie nyumbani, nayo ni hesabu ya siku ambazo watoto wetu hawakwenda kusoma. Walimu wa sehemu zenye mikarafuu mingi, khasa huku Pemba, walijua jambo hili zamani: mikarafuu ikizaa sana, madawati hubaki wazi. Kwa hivyo twaona yafaa katika toleo hili tueleze, kwa maneno mepesi, mahudhurio ya skuli ni kitu gani, yanaandikwa vipi, na mzee afanye nini siku ambayo mtoto wake kweli hawezi kwenda.

Kwanza khabari ya sheria, maana hapo ndipo penye maneno mengi barazani. Elimu ya Unguja na Pemba ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, na neno lililokaa vichwani mwa watu ni hilo hilo "bure". Watu wakasahau kuwa kitu cha bure huweza pia kuwa cha lazima. Ilikuja Sheria ya Elimu, Namba 6 ya mwaka 1982, na baadaye Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikapanga miaka ambayo mtoto hana budi kusoma: miaka 2 ya maandalizi, miaka 6 ya msingi, na miaka 4 ya sekondari mpaka kidato cha nne. Kisha Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, ikasema kuwa mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18, na kuwa kusoma ni haki yake.

Katika mambo haya anatajwa mzazi, na mlezi pia. Neno hili wengine hulipita mbio. Mjomba aliyemchukua mpwawe kutoka mjini ati aje amsaidie shamba kwa miezi miwili, huyo ndiye mlezi kwa miezi miwili ile, na akiulizwa na sheha kwa nini mtoto yuko juu ya mkarafuu saa nne za asubuhi siku ya Jumatatu, hawezi kujibu, "Mwulize baba yake." Wala haisaidii kusema, "Ni mwanangu, nikitaka atasoma, nikitaka hatasoma." Maneno hayo huenda yalikuwa na nguvu zamani. Siku hizi hayana.

Sasa tuingie darasani. Kila siku, kabla ya somo la kwanza, mwalimu wa darasa hufungua buku la mahudhurio akaita majina. Aliyepo hutiwa alama, asiyekuwepo hutiwa alama nyingine. Mzee mmoja mmoja hudhani buku lile ni la kumtisha mtoto. Sivyo. Buku ndilo linalomwonyesha mwalimu mkuu kuwa mtoto fulani amekosa kila Alkhamisi kwa mwezi mzima, na Alkhamisi ni siku ya gulio, basi pana jambo. Ndilo linalomwonyesha kuwa watoto 6 wa kijiji kimoja wamekosa kwa pamoja, na huenda ni surua. Na mtoto akija kushindwa mtihani wa darasa la sita, buku ndilo litakalosema kama alishindwa hali anahudhuria, au alishindwa kwa kuwa hakuwepo wenziwe walipofundishwa.

Ikiwa mtoto hayupo na hapana khabari yoyote, mwalimu hana la kuandika ila kuwa hayupo. Hawezi kubuni sababu. Siku zikizidi, aghalabu mwalimu wa darasa humweleza mwalimu mkuu, mzee huitwa, na asipokwenda, jambo hupelekwa kwa kamati ya skuli na kwa sheha, na likishindikana hapo hufika kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Safari yote hii ya maneno yaweza kuzuiwa na khabari ya maneno 10 iliyopelekwa siku ya kwanza.

Khabari ipelekwe vipi? Ni jambo jepesi, na kwa kuwa ni jepesi ndiyo maana hatulifanyi. Yafaa mwalimu apate khabari siku ile ile mtoto aliyokosa, na bora kabla kengele haijalia. Mwenye simu ampigie mwalimu wa darasa au amwandikie ujumbe. Kwa hiyo, mwanzo wa mwaka, mzee aombe nambari ya mwalimu na ampe mwalimu yake. Asiye na simu aandike kikaratasi, ampe mtoto wa jirani anayesoma skuli hiyo hiyo, lakini ampe mtoto mkubwa, maana mdogo atakifanya mashua kwenye dimbwi la kwanza atakalolikuta. Katika kikaratasi aseme mambo manne tu: jina kamili la mtoto, darasa lake, sababu, na siku anazodhani hatafika. Mfano:

"Mwalimu, assalaam alaykum. Mwanangu Fulani bin Fulani wa darasa la 5 ameamka na homa leo Jumanne. Tunampeleka kituo cha afya. Nadhani atarudi Alkhamisi, na kama siku zitazidi nitakuarifu. Ni mimi babake."

Imetosha. Hapana haja ya kuomba radhi mara tatu, wala kueleza homa ilianzaje. Mtoto akirudi, aje na kadi ya kituo cha afya ikiwa alitibiwa, mwalimu aitazame.

Zipo sababu ambazo hapana mwalimu atakayezikataa: ugonjwa, msiba wa nyumbani, njia iliyokatika kwa mvua ya masika. Katika ugonjwa, yako yale ya kuambukiza, kama surua, tetekuwanga na macho mekundu. Hapo kumzuia mtoto nyumbani ndiko kunakotakiwa, ila mwalimu aambiwe ugonjwa wenyewe kwa jina lake, apate kuwaangalia wengine. Na kwa mabinti wakubwa ziko siku ambazo binti huona haya kwenda skuli, naye husema anaumwa kichwa. Mama na azungumze na mwalimu wa kike, mambo haya yana njia zake, na haifai binti apoteze siku kila mwezi kwa jambo ambalo wanawake wawili wanaweza kulitengeneza kwa dakika tano.

Msimu wa karafuu haumo katika sababu hizo. Twajua kuwa neno hili halitawapendeza baadhi ya wanachama, kwa hiyo tulitazame kwa hesabu ya shamba tunayoielewa sote. Mtoto wa miaka 11, tuseme amechuma kutwa akapata kilo 6 mbichi. Zikichambuliwa makonyo yakatolewa, kisha zikaanikwa mpaka zikakauka sawasawa, hubaki theluthi moja ya uzito, na mara nyingine pungufu. Basi kutwa nzima ya mtoto ni kilo 2 kavu au chini yake. Upande wa pili, mtoto huyo akikosa siku 2 kila wiki kwa wiki 10 za mavuno, amekosa siku 20, yaani wiki 4 kamili za masomo. Na masomo hayakosekani kama karafuu, kwamba tawi hili ukiliacha leo utalichuma kesho. Mtoto aliyekosa wiki wenziwe walipofundishwa hesabu za sehemu, akirudi huwakuta wako kwenye asilimia, na asilimia hazieleweki kwa asiyejua sehemu. Hapo huanza kuona skuli ni nzito, na utoro wa pili huja wenyewe bila ya kutumwa na mtu.

Tena iko hatari ambayo hesabu haiigusi. Sote twajua tabia ya mkarafuu: ni mti mrefu, na tawi lake hukatika ghafla, halitoi ishara kama mwembe. Mchumaji mzima mwenye kamba na uzoefu huanguka. Watu walioumia mgongo kwa mkarafuu tunao vijijini mwetu. Mtoto ni mwepesi, ndiyo, na kwa ajili ya wepesi huo hutumwa kwenye ncha za matawi ambako mtu mzima hathubutu. Tanzania iliridhia mwaka 2001 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, Namba 182, wa kuwaondoa watoto katika kazi zilizo mbaya na za hatari, na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, nayo inakataza ajira ya watoto. Lakini hata pasingekuwa na mkataba wala sheria, mwenye kuujua mkarafuu hahitaji kuambiwa.

Wako wazee ambao hawawatoi watoto skuli, bali hutumia saa zilizobaki. Ziko skuli zenye mikondo miwili, asubuhi na mchana, kwa upungufu wa madarasa. Mtoto wa mkondo wa mchana huchuma tangu alfajiri, kisha huvaa sare akaenda. Katika buku ameandikwa yupo. Kadhalika usiku: karafuu zilizochumwa mchana lazima zichambuliwe, maana zikilala katika rundo huchemka zikaharibika, basi nyumba nzima hukaa kuzunguka jamvi mpaka saa tano na saa sita za usiku. Kazi hii si ya hatari, na watoto huipenda kwa hadithi zinazosimuliwa hapo. Hatusemi watoto wasiguse karafuu, la, nani kati yetu hakufunzwa kuchambua na bibi yake? Twasema tu kuwa mtoto aliyechambua mpaka saa sita hulala darasani saa tatu ya asubuhi, na mwalimu hana alama ya kuandika katika buku kwa mtoto aliyepo naye hayupo. Baada ya sala ya Isha, saa moja yatosha, kisha alale.

Na binti anayeachwa nyumbani kumlea mdogo wake ili mama aende shamba, huyo pia ni mtoro katika buku, ingawa hakutoroka. Hili limezoeleka hata hatulioni. Akina mama wenye watoto wachanga na wapatane: leo mmoja abaki na watoto wa nyumba tatu, kesho mwingine, na mwenye shamba awape ruhusa hiyo bila ya kukunja uso.

Kuna utoro mwingine ambao mzee mwenyewe haujui. Mtoto hutoka nyumbani na sare yake na mkoba, mkoba huufutika kichakani, na yeye huingia mashambani kuokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini. Mtoto hafiki katika kituo cha ununuzi cha ZSTC na vikombe viwili vya karafuu. Humwuzia mtu wa njiani, kwa bei anayoitaka mtu huyo. Na shamba alimookota aghalabu si la babake. Hivyo kwa asubuhi moja amekosa skuli, ameingia shamba la mtu, na amejifunza kuuza mali isiyo yake. Dawa yake ni ile ile nambari ya simu tuliyoitaja. Ikiwa mwalimu na mzee wamezoea kupashana khabari, mwalimu akimwona mtoto hayupo na hakuna khabari, atauliza siku hiyo hiyo. Ikiwa mzee hana desturi ya kuarifu hata mtoto anapougua, mwalimu atadhani ni kawaida ya nyumba hiyo, na mtoto atapata wiki mbili za kuokota mpeta kabla ya mtu kushtuka.

Jambo jingine ni la wale wanaohamia dago wakati wa mavuno na watoto wao. Kuondoka kimya kimya ndiko kubaya kuliko yote, maana huko aendako mtoto hasomi, na huku alikotoka anaandikwa mtoro kila siku. Bora mtoto abaki kwa bibi au shangazi aendelee na darasa lake. Ikiwa haiwezekani, na safari ni ya miezi, mzee amwendee mwalimu mkuu kabla ya kusafiri, amweleze, aombe barua ya uhamisho ya kupeleka skuli iliyo karibu na dago.

Kuna neno moja pia la kusema uwongo, na tulilitaka liwe fupi. Wako wanaoandika "mtoto anaumwa" hali yuko shambani. Mwalimu wa Pemba naye amezaliwa Pemba. Mtoto akirudi na vidole vyeusi vinavyonukia karafuu mlango mzima, mwalimu atajua homa ilikuwa ya aina gani, na siku mtoto atakapougua kweli, kikaratasi chako hakitaaminiwa.

Mwisho, wanachama wenye mashamba makubwa wanaopima karafuu za wachumaji jioni: ikiwa mtoto wa skuli ameleta pakacha lake kupimwa siku ya masomo, mwulize jina la babake na darasa lake kabla ya kushika mizani. Akisema anasoma mkondo wa asubuhi na karafuu zake ni za asubuhi, usipime. Mpeleke kwa mzee wake, na karafuu zake zirudi naye.